Umbo Chini ya Godoro

Msimu wa baridi ulipoingia, kila asubuhi mshonaji alibandika birika jikoni, kisha akaenda kumkuta mama mkwe wake amepiga magoti kwenye kona ya chumba. Hapo lilikuwa godoro la marehemu baba mkwe. Tangu mazishi hakuna aliyelilalia. Hakuna aliyethubutu kulihamisha.

"Inua uone," alisema mama mkwe asubuhi moja.

Mshonaji akainua. Juu ya sakafu ya zege kulikuwa na umbo la maji: kichwa, mabega, miguu miwili. Wakalifuta kwa kitambaa. Kesho yake umbo lilikuwa palepale, mabega yamepanuka.

"Anasikia baridi," mama mkwe alinong'ona. "Mfunike."

Wakaongeza zulia. Wakaongeza blanketi. Umbo likazidi kulowa, likaota kuvu nyeusi mahali pa macho. Mama mkwe akaacha kula.

"Ananiita, mwanangu. Nami nakwenda."

Hapo mshonaji akamkimbilia jirani yao, mwashi mwanamke waliyemwita Timazi, kama uzi wa kupimia unyoofu wa kuta, maana maneno yake hayakupinda, wala kuta zake.

Timazi alilitazama umbo. Hata yeye alirudi hatua moja nyuma. Kisha akamwambia mshonaji, "Shoga, vua viatu. Tembea kutoka katikati ya chumba hadi ukutani."

Katikati, sakafu haikumsumbua. Karibu na ukuta wa nje, baridi ilimpanda hadi magotini. "Kama mkono umenishika!" alisema.

"Umeusikia? Si mkono wa mtu huo. Ukingo wa sakafu hii uko nje, uchi, unapigwa na upepo. Joto la nyumba linatorokea hapo. Mvuke wa birika na pumzi zenu ukigusa zege baridi, unageuka maji."

"Mbona maji yana mabega?" mshonaji aliuliza.

"Godoro limebonyea pale alipolala miaka yote. Hapo linagandamana na sakafu, hapakauki. Na kila mnachoongeza juu kinazuia joto la chumba lisifike kwenye zege. Mnamfunika, naye analowa!"

"Wewe! Marehemu hachezewi!" mama mkwe alifoka.

"Simchezei, mama. Namtafutia shuka. Ila tutamfunika kwa nje."

Walichimba mtaro kuzunguka nyumba, kina cha mkono mzima. Wakasafisha ukingo wa zege. Wakabandika vibao vya povu gumu lisilonywa maji, kuanzia chini ya ukuta hadi ndani ya mtaro, kimoja kikigusa kingine.

"Usiache hata upenyo wa sindano," Timazi alionya. "Baridi ina macho."

Sehemu iliyobaki juu ya ardhi waliifunika kwa wavu na lipu, jua na jembe visiile. Wakarudisha udongo, wakauinamisha ili mvua iende mbali na nyumba. Ndani wakasugua kuvu, wakaanika godoro. Lilipokauka, mama mkwe akalirudisha palepale.

"Tuone kama ataniita."

Siku ya saba kulipambazuka na baridi ya kung'ata. Nje, majani yalikuwa meupe kwa barafu. Mama mkwe akainua godoro mwenyewe.

Pakavu. Zege tupu.

Mama mkwe akaweka kiganja, kisha shavu. Akakaa hivyo, akisikiliza.

"Amelala," alisema. "Mwanangu, niletee chai na mkate. Halafu mwambie Timazi aniletee chaga za kitanda, godoro lipate hewa chini. Leo godoro hili nalilalia mimi."