Niliulizwa Nani Alinifundisha, Nikamkana Dada Yangu

Nina miaka thelathini na tatu. Naishi Mikumi, na kazi yangu ni kuwafundisha tenisi wageni wa hoteli moja iliyo pembeni ya barabara kuu. Wengi wanacheza nusu saa, wanachoka, wanaondoka kwenda kuangalia tembo. Mimi nabaki kuokota mipira kwa mkono wa kushoto, kwa sababu bega langu la kulia siku hizi halinyanyui hata ndoo ya maji.

Kwa miaka tisa nilikuwa mchezaji wa kulipwa. Msihangaike kukumbuka jina langu, hamnijui. Nilikuwa chini kabisa ya orodha ya dunia, kule ambako hata wachezaji wenyewe hawajuani.

Haya ninayoyaandika sijawahi kumwambia mke wangu yote.

Nilizaliwa Magomeni, Kilosa. Babu yetu alikuja kukata mkonge akabaki. Baba alifariki nikiwa mdogo, tukabaki mama, dada yangu Zuhura na mimi. Zuhura ananizidi miaka sita. Alipomaliza darasa la saba alipata kibarua cha kufagia klabu ya zamani ya shamba la mkonge, na pale palikuwa na uwanja wa tenisi wa saruji, umejaa nyufa. Karani mmoja mzee aliyekosa mtu wa kucheza naye akampa dada raketi, akamwonyesha namna ya kuishika. Haukupita mwaka, dada akawa anamfunga yule mzee kila wakicheza.

Zuhura ndiye aliyenifundisha. Alichora mraba kwa chaki upande wa pili wa wavu, akaniambia sili mpaka nimeingiza mipira hamsini ndani yake. Niliona ni ukatili. Sikujua kwamba na yeye alikuwa hali mpaka mimi nimalize...

Nilipofika miaka kumi na minne, watu wa kituo kimoja cha mazoezi cha Dar es Salaam walikuja Morogoro mjini kutafuta vijana. Tulikwenda wote wawili. Wakatuchagua wote wawili, na kusema kweli dada ndiye waliyemtaka zaidi. Wiki ileile mama akapata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa. Mtu wa kumgeuza kitandani na kumlisha alihitajika.

"Nenda wewe," Zuhura aliniambia akinikunjia nguo. "Mimi niko na mama. Ila usiache kunieleza unavyocheza."

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi nilisema sawa, nikabeba begi.

Miaka mitano baadaye nikaanza kucheza kwa kulipwa. Watu wa nyumbani walidhani nimetoka kimaisha. Kila nikipiga simu naulizwa kama nimeshakutana na wale wanaoonekana kwenye televisheni. Ningewaambiaje? Nilikuwa nalala na wenzangu wawili chumba kimoja Nairobi, nafua fulana zangu kwenye sinki, nafunga nyuzi za raketi mwenyewe. Nacheza raundi za mchujo saa mbili asubuhi, uwanja wa pembeni, watazamaji ni mlinzi na mtu wa maji. Nikifungwa, safari imeishia hapo. Nikishinda, kesho yake nafungwa na mtu wa juu kidogo. Kigali, Lusaka, Tunisia... nchi zilibadilika, kufungwa ni kulekule.

Na kila baada ya mechi Zuhura alipiga simu. Nilikuwa nikimtumia video, anaziangalia kwenye simu ya jirani. "Ukikosa mpira wa kuanzia, ule wa pili unaupiga kwa uoga," aliniambia. "Unarudi nyuma kabla hujaumaliza." Alisema kweli, na ndiyo maana iliniudhi. Nilijiuliza, huyu anayekaa Kilosa ananifundisha nini mimi niliyepanda ndege?

Nikaanza kutopokea simu zake.

Wakati huo nilikuwa nimepata kocha mpya Nairobi, mtu wa maneno mengi na miwani ya jua. Siku ya kwanza aliniangalia nikianzisha mpira akacheka. Akauliza nani alinifundisha uchafu ule. Mbele yake walikuwa wamesimama vijana waliosomea tenisi ng'ambo. Niliona aibu kusema ni dada yangu, mwanamke anayecheza amejifunga kanga kiunoni, anayekaanga vitumbua asubuhi.

Nikajibu, "Nilijifunza mwenyewe."

Uongo ukishatoka mara ya kwanza, mara ya pili hauna uzito. Mwaka uliofuata nilishinda mechi zilizonipa pointi yangu ya kwanza kwenye orodha ya dunia. Pointi moja tu, lakini redio moja ya mkoani ikanipigia kunihoji. Mtangazaji akauliza ni nani aliyenifikisha pale. Nikarudia yaleyale. Nilijifunza mwenyewe, nikamshukuru na kocha wangu wa Nairobi. Jina la Zuhura sikulitaja.

Miezi minne baadaye mama akafariki. Nilikuwa Tunisia. Nilipofika Kilosa tayari alikuwa amezikwa siku mbili nyuma. Nikiwa nimekaa mkekani na wanaume, jirani yetu Mama Rukia akaniita pembeni.

"Mwanangu, ile siku ya redio dada yako alitukusanya akina mama wote wa mtaa," akasema. "Alipika na chai. Uliposema umejifunza mwenyewe, akainuka akaanza kukusanya vikombe watu hawajamaliza kunywa."

Nilitamani ardhi inimeze. Zuhura alikuwa palepale uani anaosha masufuria ya msiba. Ningeweza kutembea hatua kumi nikamwangukia. Sikwenda. Siku ya tano nikaaga, nikasema kuna mashindano. Aliniitikia vizuri, akanifungia na chakula cha njiani. Ule wema wake ulinikera kuliko matusi... Hivi binadamu tukoje?

Basi, yule kocha alishabadilisha namna yangu yote ya kuanzisha mpira. Bega likaanza kuuma. Nikamwambia, akasema ni uvivu. Nikameza dawa za maumivu, nikaendelea kucheza. Mechi yangu ya mwisho ilikuwa Kigali. Nilikuwa nimeshinda seti ya kwanza, nahitaji mchezo mmoja tu nimalize, na kushinda pale kungeniingiza kwenye mashindano makubwa zaidi kwa mara ya kwanza maishani. Mpira wa kuanzia nikapiga nje. Wa pili nikaupiga kwa uoga, nikarudi nyuma. Ukagonga wavu. Ikawa hivyo mara tatu mfululizo. Mara ya nne nikaupiga kwa hasira zangu zote, na nikasikia kitu kinachanika begani.

Nilifanyiwa upasuaji. Daktari akasema tenisi ya ushindani basi tena. Kocha alikuja hospitali mara moja, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Nikajua ladha ya kutopokelewa simu.

Nilirudi, nikapata hii kazi ya Mikumi. Ilinichukua mwaka mzima kumfuata dada, na hapa ni karibu tu. Alikuwa ameolewa Kilangali, anafanya vibarua kwenye shamba la mbegu. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Bega linaendeleaje?"

Nikapiga magoti. Nikasema yote, ya Nairobi na ya redio, nikilia kama mtoto. Nilipomaliza akanivutia kigoda nikae.

"Kuondoka kwako hakukuniuma," akasema. "Ni mimi nilikwambia uende. Lakini nilikuwa na kitu kimoja tu maishani cha kuwaonyesha watu, Idrisa. Wewe. Na ulisema si changu."

Nikamwomba aje Mikumi tufundishe wote, hoteli ilikuwa inatafuta mwanamke wa kufundisha akina mama. Akatikisa kichwa. Akasema amenisamehe tangu msiba wa mama, lakini raketi hataki kuishika tena. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Huwa naenda kila nikipata likizo. Tunaongea mvua, wadudu wa mahindi, watoto wake. Tenisi hatuigusi. Nikijaribu, anainuka kuangalia moto.

Wasomaji wenzangu, sijaandika ili mnionee huruma. Kufungwa nilifungwa sana na nimeshazoea. Lakini kama kuna mtu alibaki nyuma ili wewe uende, mtaje. Mtaje mbele ya wale unaoogopa watakucheka, na mtaje mapema. Mimi sasa namtaja kwa kila mgeni anayeniuliza pale uwanjani. Naitwa Idrisa, nasema, na aliyenifundisha anaitwa Zuhura. Wanaitikia kwa kichwa tu. Hawamjui, na yeye hayupo kusikia.