Njuga Ndani ya Fidla

Dada yangu Verlene alikufa mchana kweupe, jua la Texas likiwaka, nguo alizofua zikiwa bado kwenye kamba. Na msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji alinijia na maneno hayo, nikamfungulia mlango atoke.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jumamosi, mwezi wa nne. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia Verlene kuokota mayai, na mumewe, Royce, alikaa barazani akipiga fidla. Huku kwetu wapiga fidla hutia ndani yake njuga ya nyoka, ile ya mkiani anayoitikisa kukuonya usimsogelee. Hukua pingili kwa pingili: kila nyoka ajivuapo gamba, pingili mpya huota pale njuga inaposhikana na mkia. Wengi huitoa kwa nyoka aliyekufa. Lakini wazee walishikilia kwamba njuga tamu ni ya nyoka aliye hai: unamkata mkia, unamwachia aende zake. Akifa yeye, na sauti inakufa.

"Leo fidla yako inalia kama ina roho, shemeji," nikamtania.

"Njuga mpya hiyo, Noreen. Pingili nane!"

"Umeitoa wapi?"

"We cheza muziki, bwana. Maswali ya nini?" Akacheka.

Kwenye banda la kuku, Verlene aliinua ubao wa kiota, akaruka nyuma.

"Mama yangu! Nyoka!"

Alikuwa amejikunja juu ya mayai, kimya. Baba alinifundisha kumtambua nyoka wa njuga tangu sijaota meno ya pili: kichwa kipana, shingo nyembamba, mboni ya jicho imesimama wima kama ya paka, mkia una pete nyeusi na nyeupe. Mimi nilitazama ncha ya mkia tu, ilipochomoza kwenye nyasi. Haikuwa na njuga.

Sasa, tunaye nyoka mwingine wa madoa yanayofanana na hayo, hana sumu, anakula panya. Huyo hatumuui. Tunambeba kwa mikono tukamweke ghalani.

"Si wa kuogopa," nikasema. "Hana njuga. Ni yule wetu wa panya, mbebe tu."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"We nawe kwa woga! Mshike."

Akamshika.

Nyoka hakuonya. Angeonya kwa kitu gani? Alimuuma shingoni.

"Loh," alisema Verlene, taratibu, kama mtu aliyemwaga maziwa. Nyoka akaanguka chini. Hapo ndipo nilipoona kichwa. Nikaona jicho. Nikaona na mkia, ncha yake imekatwa kwa kisu.

Royce alikuja mbio. Hakuuliza ni nyoka gani.

"Nilimwachia mbali," alinong'ona. "Mbali kabisa, kule mawe yanakoanzia."

Nilichukua jembe nikamkata yule nyoka vipande vitatu. Verlene alikata roho ndani ya gari, kichwa chake mapajani mwangu, hospitali ikiwa bado maili ishirini.

Baada ya mazishi Royce alitaka kuichoma fidla. Nikampokonya.

"Huichomi, mwanaharamu wewe! Unataka usahau?"

Nikaifungia ndani ya sanduku lake, nikaliweka juu ya kabati langu. Ufunguo nauvaa shingoni. Namchukia Royce mpaka leo. Najichukia na mimi, maana aliyesema "mshike" si yeye.

Nyoka alikufa, kwa hiyo njuga ingenyamaza. Ndivyo wazee walivyosema.

Juzi, saa sita mchana, nilikuwa natandika kitanda. Ikalia.

Nikasimama. Ikanyamaza.

Nikapiga hatua moja kuelekea kabatini. Ikalia tena. Kwa kasi. Kwa hasira.

"Sasa ndiyo unaonya?" nikapiga kelele, machozi yakinitoka. "Sasa?"

Nilishusha sanduku. Vumbi la mwaka mzima lilikuwa juu yake, halijaguswa. Nikafungua kufuli, nikaigeuza fidla, nikaitikisa mpaka njuga ikatoka kwenye tundu na kuniangukia kiganjani.

Nikahesabu pingili. Nikahesabu tena, polepole, kwa kidole.

Zilikuwa tisa. Nane kavu, za rangi ya kucha ya mzee. Ya tisa iko upande ule kisu kilipopita. Ni laini, na bado ina unyevu.