Lango la Barabara ya Tenter

"Mita mia tatu sabini na mbili," alisema Hilary Entwistle, akisimamisha gurudumu lake la kupimia mbele ya duka tupu. Ilikuwa Jumatatu, saa nne na dakika arobaini asubuhi. "Kanuni ya halmashauri inataka mia nne kutoka lango lolote la shule. Pole, Bi. Aksoy. Kibali cha kuuza kebabu hapa hutakipata."

Demet Aksoy alimkazia macho. "Nimepima mara tatu. Mia nne thelathini na moja. Umeanzia lango gani?"

"La nyuma. Barabara ya Tenter."

"Ijumaa nilipita pale. Palikuwa na uzio mtupu."

Hilary alikuwa afisa wa mipango miji wa Thornley kwa miaka kumi na tisa, na uongo wa waombaji alishauzoea. Hata hivyo aligeuza gurudumu akarudi.

Uzio ulikuwa umekatwa kwa msumeno. Lango lenyewe bado lilinuka rangi ya kijani. Alipopitisha kiganja juu ya bomba la juu, alihisi chuma kimelika katikati, kama kitu kilichoshikwashikwa na watu kwa miaka mingi. Lango jipya, chuma kikuukuu.

"Mimi sijaagiza lango," alisema mwalimu mkuu, Bwana Crowther. "Nilidhani ni ninyi halmashauri."

"Nani halitaki duka la kebabu?"

"Kamuulize Bickerstaffe wa chipsi. Na mimi silitaki, nisikufiche. Tuling'oa kikaangio mwaka jana, siku hizi kila kitu kinaokwa. Watoto wakipata kebabu mchana, nani atakula dengu zetu?"

Neville Bickerstaffe, ambaye duka lake lilikuwepo kabla ya kanuni, alimpokea kwa kicheko kikavu.

"Unanishuku mimi?" Aliinua mkono wa kulia, uliofungwa plasta hadi kwenye kiwiko. "Wiki ya tatu hii, hata kiazi simenyi. Barua mbili za kumpinga nimeziandika kwa mkono wa kushoto, na jina langu lipo chini. Mimi mtu namchukia mchana kweupe, Hilary."

Saa sita na robo Hilary aliingia kwenye bwalo la shule. Foleni ya wanafunzi ilipinda kando ya kamba iliyofungwa kwenye viti viwili. Mpishi mkuu, Noreen Shuttleworth, alikuwa akipakua, mikono ya shati imekunjwa. Ngozi yake ilikuwa na madoa madogo ya kuungua, kama amemwagiwa pilipili manga.

Hilary alisubiri hadi foleni ikaisha.

"Mikono imepatwa na nini?"

"Mafuta ya kukaangia, mpenzi. Jikoni ndiyo hivyo."

"Kikaangio kiling'olewa mwaka jana, Noreen."

Upawa ulisimama hewani.

"Madoa hayo ni ya cheche za kuchomelea," Hilary aliendelea. Alionyesha sakafuni, chini ya kamba, penye mashimo manne ya boliti. "Na hapa palikuwa na mabomba ya foleni. Watoto wameyaegemea miaka yote. Sasa yako Barabara ya Tenter, yamepakwa kijani."

Noreen aliketi. "Nilichomelea miaka kumi na mmoja kiwanda cha matrela, mpaka kilipofungwa. Nimeambiwa sahani zikishuka chini ya mia na ishirini kwa siku, jiko hili nalo linafungwa, chakula kije kwa lori. Tuko wanawake sita. Nikasoma tangazo lenu kwenye nguzo: mita mia nne kutoka lango. Nikasema, kama duka halisogei, lango litasogea."

"Ungeandika barua."

"Niliandika. Nikajibiwa kwamba ajira za jikoni si suala la mipango miji."

Jibu lile Hilary alilitia saini yeye mwenyewe.

Ripoti aliiandika kama ilivyopasa: lango ni batili, umbali ni mita mia nne thelathini na moja. Alhamisi Demet alikuja ofisini akaisoma yote.

"Wamemfukuza mpishi?"

"Onyo la mwisho. Na uzio ataulipia."

"Basi ongeza sharti. Nisifungue kabla ya saa kumi jioni, siku za shule."

"Siwezi kukulazimisha."

"Hujanilazimisha. Nimeosha vyombo jikoni kwa watu miaka kumi na minne. Andika."

Hilary akaandika, na Demet akatia saini.