Sauti ya Bi Salma Hotelini

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Mombasa, na hapa Dubai nauza injini za mitumba kule Ras Al Khor. Nikianza kupatana bei, wenye maduka huagiza chai kwanza. Nasema haya mjue mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Na bado nilidanganywa… na shoga yangu mwenyewe.

Rukia nami ndio tulioongoza kituo cha sanaa na utamaduni wa watu weusi. Yeye mwenyekiti, maana ana ulimi wa kuzungumza na wakubwa. Mimi nilitafuta chumba, viti na ngoma, kwa bei ambayo wenyewe hawapendi kuikumbuka.

Tulikosa somo wa kuwafunda binti zetu waliozaliwa huku. Bi Salma, mama wa Kizanzibari aliyezeekea Dubai, alizijua nyimbo zote za unyago. Nilimbembeleza hadi akakubali, kwa sharti: asiingie mwanamume, isiingie simu.

“Na mdhamini nani?” akauliza.

“Mimi, Bi Salma.”

“Haya. Nakushika wewe, mwanangu, si huyo mwenyekiti wako mwenye kucha.”

Tukacheka, na Rukia akacheka. Kila Jumapili nilikusanya simu mlangoni, nikazihesabu mara mbili. Ningejuaje kwamba mwenyekiti alikuwa na ya pili kifuani?

Miezi ikapita. Rukia akanialika hoteli moja ya Marina, eti kituo chetu kinatumbuiza wageni. Nikakuta wasichana wa kukodiwa wanakata viuno jukwaani, na kwenye spika… sauti ya Bi Salma, ikiimba yale yanayoimbwa mlango ukishafungwa. Wageni wakapiga makofi.

Nikamfuata Rukia nyuma ya jukwaa. Akaniwahi: “Dada, tulia. Wazungu hawa wataelewa nini? Kwao ni midundo tu.”

“Wazungu, sawa. Na mlinzi yule pale?”

Akageuka. Mlinzi alikuwa Idi, aliyemwoa binti wa Bi Salma. Yuko kazini, hana ruhusa ya kuondoka. Amesimama kichwa chini, anamsikiliza mama mkwe wake neno kwa neno.

Jamani, Dubai hii kuna hoteli isiyo na Mswahili mlangoni au jikoni?

Idi hakumtukana mtu. Aliacha tu kukaa chumba kimoja na mkwewe. Bi Salma naye akaacha kwenda kuwaona wajukuu. Kina mama wakawatoa binti zao, kituo kikafa. Rukia? Hoteli imempa kazi ya ushauri wa utamaduni. Hongera zake.

Nilikwenda kuomba radhi. Bi Salma alinijibu kutoka nyuma ya mlango: “Sina ugomvi nawe, mwanangu. Lakini neno langu nililiweka kwako.” Hakufungua.

Sasa binti yangu anaolewa baada ya Ramadhani, nami natafuta somo. Kila ninayemwendea ananipa kahawa, ananiuliza hali, kisha anasema hana nafasi. Na hilo halina kupatana…

Wenzangu mnaoongoza vikundi ughaibuni, nawasihi. Injini ikifa utapata nyingine. Heshima ya mtu mzima haina spea. Siku utakayomsikia mwenzio akisema “hawa hawataelewa,” usibishane naye. Mnyang’anye funguo za kituo siku hiyo hiyo.