Nilisema Mzio, Sikusema Kifo

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Dar es Salaam, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Nilikuwa na wawili... Huyo wa pili ndiye aliyenifanya nishike kalamu, ingawa hata sasa machozi yananitangulia.

Miaka michache nyuma, mwishoni mwa miaka ya tisini, tuliishi Guangzhou, Uchina. Mume wangu alinunua nguo soko la Zhanxi na kuzisafirisha nyumbani. Tulipanga karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, kwenye ghorofa lililojaa wageni wa kila taifa. Idrisa alikuwa na miaka minane, na Sabra, kitinda mimba wangu, mitano. Mtoto mwenye maneno huyo! Alijua kupatana bei na wauza matunda kwa Kichina kuliko baba yake.

Sabra hakuweza kula karanga. Alipokuwa mdogo alionjeshwa kashata, akavimba midomo, akakosa pumzi, nusura tumpoteze. Daktari wa Dar akatuambia ni aleji, na kwamba akila tena atakufa. Tangu siku hiyo karanga hazikuingia kwangu. Nilimfundisha kusema "huasheng bu yao", yaani karanga sitaki, naye aliitamka kwa madaha, mkono kiunoni.

Sasa, pale jengoni Wazungu walikuwa na sikukuu yao ya vinyago. Jioni watoto huvaa mavazi ya ajabu ajabu, wakagonga mlango mmoja baada ya mwingine na kupewa peremende. Wanangu walililia kwenda. Mume wangu alinuna, akasema mambo gani hayo ya majini! Lakini ningemfungia Sabra ndani huku wenzake wakicheka koridoni? Nilimshonea mabawa ya kijani ya kipepeo. Nikanunua peremende za matunda ninazozijua, nikapita kwa majirani wote kuziacha, nikawaomba akija kipepeo wa kijani wampe hizo tu. Nikawaapisha wanangu kwamba hakuna kula njiani, kila kitu kije mezani kwanza, mama akague.

Niambieni, nilibakisha nini?

Siku yenyewe mume wangu akapiga simu kutoka soko jingine la nguo, Shisanhang. Muuzaji alikuwa amembadilishia mzigo, wanazozana, na Kichina changu ndicho kilichokuwa kikituokoa. Ilibidi niende! Nyumbani alikuwepo wifi yangu Mwajuma, dada wa mume wangu, aliyekuja kununua viatu vya kwenda kuuza Dar. Mcha Mungu, mkarimu, akiwapenda wanangu kupita kiasi. Nikamkabidhi watoto.

"Wifi, karanga ni mzio wa Sabra," nilimwambia nikivaa viatu. "Asionje kitu mpaka nirudi."

"Nenda tu wifi, nimekusikia."

Kweli alinisikia... Ole wangu!

Wakati wa kurudi foleni ilitukamata. Lifti ilipofunguka nikasikia mayowe kwetu. Sabra alikuwa mapajani kwa jirani mmoja wa Nairobi, midomo imevimba, bawa moja limekunjika chini yake. Tulimkimbiza hospitali kwa teksi, mimi nikimwita njia nzima. Alikuwa amenishika kidole. Kisha akakiachia... Madaktari walihangaika naye sana, lakini mwanangu alikuwa ameshakwenda.

Idrisa ndiye aliyenisimulia. Milango yote waliipita salama, majirani walikumbuka nilichowaomba. Sabra akarudi, akamwaga peremende zake mezani, akakaa kunisubiri. Hakugusa hata moja! Shangazi yake akamwonea huruma. Akatoa kipande cha peremende ya karanga kwenye mfuko wa Idrisa, akamwambia mtoto wa Kiislamu hana mizio, aseme Bismillah ale. Sabra akasema hataki. Akaambiwa tena. Na nani aliyemfundisha kutii wakubwa? Si mimi? Mwanangu akasema Bismillah, akala.

Pale hospitali nilimrukia wifi yangu, nikamwita muuaji. Alikuwa ameketi sakafuni, mtandio umemdondoka.

"Wifi, uliniambia mzio!" alilia. "Hukuniambia ugonjwa! Mimi nilidhani mlimpeleka kwa mganga!"

Nikamwachia. Kwa akina mume wangu, mzio ni kitu ambacho mganga amemkataza mtu asile. Bibi yao alikatazwa pweza hivyo hivyo, akaogopa hata harufu yake, mpaka marehemu baba yao alipopiga marufuku mambo hayo, akasema ni shirki. Wifi yangu hakukusudia kumdhuru mwanangu. Alidhani anamfungua kifungo!

Nimemsamehe? Kwa mdomo, ndiyo. Moyo bado unakataa... Yeye na kaka yake hawatazamani usoni. Sabra tulimzika kule kule Guangzhou, nasi tukarudi nyumbani. Idrisa hali karanga, ingawa yeye hazimdhuru.

Ndugu zangu, kama una mtoto wa namna hii, usimnyime sherehe za wenzake. Lakini usimwache na mtu aliyekujibu "nimekusikia" tu. Mwambie akurudishie maneno yako kwa kinywa chake. Na mtoto mwenyewe ajue kwamba kwenye chakula anaweza kumkatalia hata shangazi yake, tena kwa kupiga kelele!

Daktari alinipa neno la kweli tangu mwanzo, kwamba akila atakufa. Lakini mama gani atamtamkia mwanawe kifo, tena mtoto mwenyewe amesimama pale na mabawa yake? Niliogopa kumtabiria mabaya. Nikatafuta neno laini, nikapata mzio. Nawasihi, litamkeni lile zito, hata likiwachoma ulimi. Mimi nililikwepa siku moja tu, na sasa nalitamka kila ninapoulizwa nina watoto wangapi.