Vidudu vya Kibanda cha Nne

"Usimuuzie hiyo dawa bado," sauti ilisema kutoka nyuma ya foleni.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua imenyesha mara mbili tu, na duka la dawa za mimea karibu na stendi ya Nakuru lilikuwa limefurika watu wanaotafuta mbegu. Fancy Jepkemei aligeuka. Alikuwa amevaa sweta ya rangi ya chungwa, jinzi imeingizwa ndani ya gambuti, na mkononi ameshika chupa ya jemu yenye udongo. Ndani ya chupa vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi vilikuwa vinarukaruka.

"Boss, nimekuomba ushauri?"

"Pole, madam." Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, shati jeupe limeingia wino mfukoni. "Naitwa Muiruri. Niko maabara ya wadudu, chuoni Njoro. Hao si viroboto. Ukiwapulizia hiyo dawa utaua wanaokusaidia."

"Wananisaidia na nini? Kumwagilia maji?"

Foleni nzima ikacheka. Muiruri hakukasirika. Alitoa lenzi ndogo iliyofungwa kwa uzi shingoni, akaomba chupa, akaichungulia mpaka mwenye duka akaanza kunung'unika. Kisha akampa Fancy lenzi.

"Angalia mgongoni. Unaona utepe wa zambarau?"

"Naona."

"Huyu anakula uozo wa majani, hagusi mche. Chuoni tunawaita springtail. Ana kamkia chini ya tumbo, anakafyatua, anaruka. Lakini wapo ndugu zake wanaofanana naye sana, kwa hivyo nipe hii chupa nihakikishe kwa darubini."

"Na namba yangu pia unataka uihakikishe kwa darubini?"

"Hiyo nitaihakikisha kwa kupiga," alisema Muiruri.

Alipiga jioni hiyo. Vidudu havikuwa na madhara. Alipiga kesho yake pia, bila sababu ya vidudu. Kufikia mwezi wa tano, Jumamosi ilikuwa siku yao. Fancy alivua gambuti, akavaa gauni la maua na viatu vya kamba, wakala samaki mjini, wakapanda mpaka ukingo wa kreta ya Menengai kupigwa na upepo. Alimwita Daktari wa Viroboto. Muiruri alimwita Madam, hata walipokuwa wameshikana mikono.

Fancy alikuwa na vibanda vinne vya nailoni vya kuoteshea miche pale Ngata, nje kidogo ya mji. Alianza na kimoja, baada ya kuachishwa kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Mwezi wa saba alipata oda iliyomnyima usingizi kwa furaha: miche elfu arobaini na nane ya kabeji kwa kikundi cha wakulima wa Subukia. Vibanda vyote vinne vikajaa.

Wiki mbili kabla ya kukabidhi miche, mteja mmoja alirekodi video kwenye simu. Trei ya miche, kidole kinagusa udongo, vidudu vya manjano vinaruka kila upande. Akaandika: *Chungeni miche ya Ngata.* Kufikia adhuhuri video ilikuwa imefika Subukia.

"Babe, umeiona?" Fancy aliuliza kwenye simu. Sauti yake ilikuwa juu.

"Nimeiona."

"Afisa wa kilimo anakuja kesho. Niandikie barua, ukurasa mmoja tu. Sema ni wale wale wa mwezi wa tatu."

"Fancy, hawa sijawaona."

"Si umeona video!"

"Kwa video naona kitu cha manjano kinaruka. Kuna aina moja inayotafuna majani machanga, ina madoa badala ya utepe. Niletee wakiwa hai, nitakuambia leo leo."

"Nimeshakuambia ni wale wale."

"Basi sweetie, walete tu."

"Muiruri, nimepigia mtu wangu. Sikupigia maabara."

Akakata.

Afisa aliitwa Bi Nakhumicha, mama mwenye mwili, mwenye koti la bluu na sauti ya upole isiyobadilika hata akitoa habari mbaya. Aliingia kibanda kimoja baada ya kingine, akagonga trei juu ya karatasi nyeupe, akakusanya vidudu kwenye vichupa vya spiriti na kuandika namba ya kibanda kwenye kila kichupa. Kisha akapigia maabara ya Njoro, Fancy akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake.

"Unaweza kunihakikishia hawana madhara?" aliuliza, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Asante." Akamgeukia Fancy. "Huyo kijana wa chuo anasema hawezi."

"Amesema hawezi?"

"Vichupa vinaenda kwake sasa hivi. Alhamisi saa sita nisipokuwa na majibu, vibanda vyote vinne tunazika. Siwezi kuruhusu hii kitu ifike Subukia."

Muiruri alikuwa amesema hawezi kuhakikisha *kabla hajawaona*. Maneno hayo Fancy hakuyasikia, na hakutaka kumpa nafasi ya kuyasema. Alimblock. Muiruri alipofika Ngata jioni hiyo hiyo alikuta geti limefungwa, akaita, akangoja, na mwishowe akasikia sauti ya Fancy kutoka upande wa pili.

"Umeniuza kwa simu, Muiruri. Rudi kwa wadudu wako."

Akarudi.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa rahisi. Spiriti ilikuwa imeosha rangi. Vidudu vilivyokuwa vya manjano sasa vilikuwa vyeupe kama punje za wali, na alama za mgongoni, ambazo ndizo mtu huangalia kwanza, zilikuwa zimefifia mpaka huwezi kuapa kama ni utepe au madoa. Vilibaki vinyweleo. Muiruri alilainisha vidudu kwa dawa, akavilaza kimoja kimoja kwenye kioo kwa ncha ya sindano, akaanza kuhesabu. Kibanda cha kwanza: vinyweleo vifupi, laini, vimelala. Wale wale. Cha pili, wale wale. Cha tatu pia.

Kidudu cha kibanda cha nne kilikuwa na vinyweleo vinene vilivyosimama mgongoni kama miiba, na kichwani viwili virefu ambavyo wenzake hawakuwa navyo. Chini ya mwanga mkali yalionekana mabaki ya madoa, si utepe.

Alikitoa, akaweka kingine. Miiba. Akaweka cha tatu, huku akiomba kimoyomoyo awe amekosea. Aliangalia kumi na wanane. Wote walikuwa watafunaji.

Alipiga simu. Mteja hapatikani. Akatumia namba ya mwenzake. Fancy aliposikia sauti yake tu, akakata.

Alhamisi saa tano na nusu alishuka bodaboda Ngata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Geti lilikuwa wazi. Bi Nakhumicha alikuwa ameshafika, pamoja na Mzee Hezekiah, mwenyekiti wa kikundi cha Subukia, amevaa suti ya kahawia na kofia. Nyuma ya vibanda shimo lilikuwa limeshachimbwa. Fancy alisimama kando yake, macho mekundu, gambuti zimejaa tope. Alipomwona Muiruri aligeuza uso.

"Umeleta majibu?" Bi Nakhumicha aliuliza.

"Nimeleta." Muiruri alitazama karatasi ingawa aliijua kwa moyo. "Kibanda cha kwanza, cha pili na cha tatu hawana shida. Hawali miche, naweka sahihi hapa." Akageuza karatasi. "Cha nne ni aina nyingine. Wanatafuna. Kile lazima kizikwe."

"Uongo!" Fancy alimkaribia mpaka wakabaki hatua moja. "Elfu kumi na mbili! Unajua nimeamka saa ngapi kwa hiyo miche? Hukuweza hata kunisaidia na kimoja?"

"Ningeweza, ningekuwa nimeshafanya."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako," alisema Muiruri. "Nikisema uongo leo, mwezi ujao Mzee Hezekiah atakuwa shambani anaangalia kabeji zimetobolewa, na jina litakalotajwa ni lako. Si langu."

Bi Nakhumicha alikuwa anatazama karatasi. "Kuna kitu hakiingii," alisema. "Wakitafuna wangeacha matundu. Jumanne sikuona jani lenye tundu kibanda cha nne."

Jibu alikuwa nalo Fancy, na angeweza kuondoka nalo. Alitazama shimo.

"Hukuona kwa sababu niliyang'oa," alisema. "Majani yenye matundu. Kwa mkono, trei moja moja. Niliyaona wiki tatu zilizopita, baada ya kuleta mbolea kutoka kwa mtu mwenye shamba la lusina, majani ya kulisha ng'ombe." Akageuka kwa Muiruri. "Ndiyo maana sikukuletea. Nilijua ukiangalia utaona."

Mzee Hezekiah alivua kofia, akaivaa tena. "Msichana, ulitaka kunipatia hiyo?"

"Ndiyo, mzee. Pole."

Mzee alitembea peke yake kibanda cha kwanza, akatoka, akaingia cha pili. Walimngoja juani. Aliporudi alisema atachukua hivyo viwili. Cha tatu wataongea baada ya wiki mbili, akija kujionea mwenyewe. Bi Nakhumicha aliandika, akatia sahihi, akaenda kungoja kwenye gari lake shughuli iishe.

Fancy aliingia kibanda cha nne, akatoka na trei mbili na kuzigeuza shimoni. Muiruri alikunja mikono ya shati akamfuata. Walibeba karibu saa nzima, wakipishana mlangoni, mpaka trei ya mwisho. Kisha Fancy akachukua sepetu, na baada ya mapigo machache akasimama, akaanza kulia bila kujificha.

Muiruri alimshika begani. Fancy hakumtoa mkono.

"Nilikufungia geti," alisema.

"Ulifunga kabisa."

"Na ukaendelea kunihesabia wadudu."

"Sikuwa na kingine cha kukufanyia."

Fancy alipangusa uso kwa kiganja, akaacha mstari wa tope shavuni. "Mama anakuja Jumapili kutoka Mogotio. Nataka uje kula na sisi."

"Nije kama nani?"

"Kama mtu aliyenizikia miche elfu kumi na mbili." Alivuta pumzi. "Na anayetaka kunioa. Kama anataka."

Gari la Bi Nakhumicha lilipiga honi barabarani. Alikuwa anataka kujua kama wamemaliza.

"Anataka," alisema Muiruri. "Alitaka hata geti likiwa limefungwa."

"Basi chukua hiyo sepetu nyingine," alisema Fancy, "tufukie."