Ncha ya Kitenge

Rafiki yangu Joachim wa Ipogolo hajui kudanganya. Mwongo wa kundi letu ni mimi. Yeye na mkewe Apolonia, mwenye duka na kibali cha bastola, walizoea kufanya mazoezi ya kulenga sebuleni, kwa miwani ile inayokufunika macho ukajiona uko uwanja wa shabaha, na bastola ya plastiki mkononi. Aliyeivaa haoni samani, kwa hiyo alifungwa kitenge kiunoni na mwenzake akashika ncha.

"Rudi, mbuzi wangu, utaoa kabati!" Apolonia alikuwa akimvuta huku akicheka.

Apolonia alipofariki na kuzikwa, Joachim aliamua kumpelekea shemeji yake wa Igawa ile miwani. Kabla ya kuifungasha, akataka kuijaribu. Akakomea mlango, akajifunga kitenge kwa mazoea tu, ncha ikaburuta sakafuni. Akaivaa; likaja giza, kisha shabaha. Akafyatua, akasogea mbele.

Kitenge kikamvuta nyuma, taratibu.

Hakuivua miwani. Mgongoni alisikia pumzi ya mtu anayebana kicheko.

"Mke wangu, usiachie," alisema akilia, akaendelea kufyatua mpaka chaji ikaisha.

Alipoivua, sebuleni hamkuwa na mtu. Ncha ya kitenge ilikuwa na makunyanzi ya kushikwa kiganjani, na bado ilikuwa na joto.